Maikroprosesa kwa Wanaoanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanaokuja darasa la Jumamosi hapa Ngarenaro, Arusha, na wa wote wanaotuma maswali yale yale kwa simu usiku. Wengi ni wanafunzi wa ufundi wa mwaka wa kwanza na wa pili. Wapo mafundi simu waliochoka kubadilisha vioo tu, na wafugaji wachache kutoka upande wa Usa River wanaotaka kujitengenezea mashine ya kutotolesha vifaranga. Soma utakapo, lakini swali la "agizo linatekelezwaje" usiliruke.

Maikroprosesa ni nini hasa? Si ndiyo kompyuta yenyewe?

Hapana. Ni chipu inayosoma maagizo kutoka kwenye memori, moja baada ya jingine, na kuyatekeleza. Basi. Haina kioo, haina kibodi, na kwa kawaida haina hata mahali pa kukaa programu yako. Ukiiunganisha na memori, umeme, saa ya kuipigia hatua na njia za kuingiza na kutoa data, hapo ndipo unapata kompyuta.

Ya kwanza kuuzwa kama chipu moja ilikuwa Intel 4004, Novemba 1971. Ilibuniwa kwa ajili ya vikokotoo vya mezani vya kampuni ya Kijapani, Busicom. Ilikuwa na transista zipatazo 2,300 na ilishika biti 4 tu kwa mara moja (biti ni 0 au 1). Mmoja wa walioibuni, Federico Faggin, baadaye alianzisha kampuni ya Zilog iliyotoa Z80 mwaka 1976.

Na maikrokontrola je?

Maikrokontrola ni prosesa, memori na vifaa vya kuingiza na kutoa data, vyote ndani ya chipu moja. Mita ya LUKU ukutani kwako inayo. Rimoti ya king'amuzi inayo. ATmega328P iliyo kwenye Arduino Uno, bodi ndogo ya kujifunzia, ina baiti kilo 32 (baiti ni biti 8) za kuhifadhi programu, kilo 2 tu za memori ya kufanyia kazi, na inaendeshwa kwa megahezi 16. Ukitoka kwenye simu yenye giga 4 utaona ni kichekesho, lakini hiyo kilo 2 inatosha kuangalia joto la mayai usiku na mchana bila kulalamika.

Kwa nini chuoni tunafundishwa Intel 8085, chipu ya mwaka 1976? Si wanatupotezea muda?

Swali hili huja na hasira, na ninaielewa hasira hiyo. Ukipita Chuo cha Ufundi ukamwona kijana ameshika ubao wa 8085 wenye vitufe vya heksadesimali (namba za msingi wa 16: 0 hadi 9, kisha A hadi F), na mfukoni ana simu yenye kasi isiyofanana nao hata kidogo, unaweza kudhani anaonewa.

Mimi niko upande wa 8085, kwa sababu moja: inaingia kichwani mzima. Ina rejista (chumba cha kushikia namba ndani ya chipu) moja kuu iitwayo A, nyingine sita za biti 8 (B, C, D, E, H na L), bendera tano (biti za kuonyesha hali ya jibu), na rejista mbili za biti 16 za kushika anwani. Anwani zake ni za biti 16, kwa hiyo memori yote inayoweza kufikiwa ni baiti 65,536. Unaweza kuichora yote kwenye karatasi moja ya daftari na kuifuata kwa penseli hatua kwa hatua. Prosesa ya kompyuta yako ya leo hakuna mtu mmoja anayeweza kuichora yote, hata walioitengeneza. Sasa utajifunzia ipi?

Tena si chipu ya kudharau. Gari dogo la Sojourner, lililotua Mars Julai 1997, liliendeshwa na 80C85, yaani ndugu yake huyu huyu, kwa megahezi 2.

Ninachokubaliana na wanaolalamika ni hiki: kukariri namba za maagizo kwa ajili ya mtihani hakukusaidii. Jedwali lipo, liangalie. Kichwa kiachie kazi ya kufuata programu.

Ndani ya prosesa kuna nini?

Sehemu tatu ndizo za kushika kwanza. Ya kwanza ni rejista, vyumba vichache vya kushikia namba ndani ya chipu yenyewe, vinavyofikiwa haraka kuliko memori ya nje. Ya pili ni kitengo cha hesabu na mantiki, ambacho hujumlisha, hutoa, hulinganisha na kufanya NA, AU na SIYO. Ya tatu ni kitengo cha uongozi, ambacho husoma agizo na kufungua milango inayohusika kwa wakati wake. Kati ya prosesa na nje kuna njia tatu za nyaya: ya anwani inayosema "nataka chumba namba fulani", ya data inayobeba kilichomo, na ya uongozi inayosema kama ni kusoma au kuandika.

8085 ina pini 40 tu, hivyo nyaya nane za data na nane za chini za anwani zinatumia pini zile zile kwa zamu. Pini iitwayo ALE ndiyo hutangaza kwamba kwa sasa kilichoko pale ni anwani. Wengi hukwama hapa siku ya kwanza ya kuunganisha memori.

Agizo linatekelezwaje? Nimesoma "leta, tambua, tekeleza" lakini sioni kinachotokea.

Kwa maneno matatu hutaona. Chukua penseli. Hii ni programu ya kujumlisha 5 na 7, kisha kuweka jibu kwenye anwani 2050. Namba zote ni za heksadesimali:

2000: 3E 05 — weka 05 kwenye A
2002: 06 07 — weka 07 kwenye B
2004: 80 — jumlisha B kwenye A
2005: 32 50 20 — peleka A kwenye anwani 2050
2008: 76 — simama

Baiti tisa tu. Kwenye bodi nyingi za kujifunzia tunaanza 2000 kwa sababu anwani za mwanzo, kuanzia 0000, zimeshikwa na programu ya bodi yenyewe, ambayo haifutiki. 8085 ikiwashwa huanza kusoma 0000 daima.

Rejista iitwayo PC hushika anwani ya baiti inayofuata kusomwa. Ni kidole cha mtoto anayejifunza kusoma, kinachosogea neno kwa neno. Sasa PC iko 2000. Prosesa inatoa 2000 kwenye njia ya anwani, memori inarudisha 3E, PC inasogea hadi 2001. Kitengo cha uongozi kinaitambua 3E: "baiti inayofuata iweke kwenye A". Kwa hiyo inasoma tena, inapata 05, PC inakuwa 2002, na A ina 05. Agizo la kwanza limekwisha. La pili ni vile vile, ila B ndiyo inayopata 07.

Kwenye 2004 kuna 80. Hili halihitaji kitu kingine kutoka kwenye memori, kwa hiyo ni baiti moja. A inakuwa 0C, yaani 12. Kisha 32 inamaanisha "peleka A kwenye anwani nitakayokupa", na anwani inakuja kwa baiti mbili, ya chini ikitangulia: 50 kwanza, halafu 20. Mtu akiandika 20 50 jibu linakwenda 5020, na pale 2050 anakuta takataka za zamani. Ni kosa la kawaida kuliko yote darasani, na huwezi kuligundua kwa kukodolea macho ubao, ila kwa kufuata na penseli.

Muda nao unahesabika. Maagizo hayo huchukua mapigo 7, 7, 4, 13 na 5 ya saa, jumla 36. Kwa saa ya megahezi 3, kazi yote imekwisha kwa maikrosekunde 12.

Prosesa inajuaje kwamba namba hii ni agizo na ile ni data?

Haijui. Ukielewa hili, mengi mengine yatanyooka yenyewe.

Rudi kwenye programu ya juu. Kwenye 2001 kuna 05, ambayo kwetu ni tano ya kujumlisha. Sasa mtu akabonyeza vibaya akaanzisha programu kutoka 2001 badala ya 2000. PC iko 2001, prosesa inasoma 05, na kwa 8085 agizo namba 05 ni "punguza B kwa moja". Itaipunguza bila kusita. Kisha inasoma 06 07 na kuweka 7 kwenye B kama kawaida, inajumlisha na chochote kilichokuwa ndani ya A, inapeleka jibu 2050, inasimama. Hakuna kengele wala ujumbe wa kosa, na jibu si 12.

Na si 05 peke yake. Ile 07 ikisomwa kama agizo ni "zungusha A kushoto". 50 ni "nakili B kwenda D". 20 nayo ni agizo halali kabisa. Kilichoipa 05 kazi ya kuwa tano ni kwamba ilisomwa baada ya 3E. Nafasi yake katika usomaji ndiyo maana yake.

Ndiyo sababu programu iliyoharibika mara nyingi haisimami, inafanya mambo ya ajabu. PC imerukia katikati ya data, na prosesa inatekeleza bei za bidhaa kana kwamba ni maagizo. Ndiyo sababu pia wahalifu wa mtandao hujaribu kupenyeza data ambayo, ikisomwa kutoka mahali fulani, inakuwa programu.

Chipu kama ATmega328P zimetenganisha memori ya programu na ya data, kila moja na njia yake, na PC haiwezi kuingia kwenye data. Mpangilio huo huitwa wa Harvard. Ule wa memori moja kwa vyote huitwa wa von Neumann. Mtihani ukiuliza tofauti, anza na hilo la PC, usianze na historia.

Heksadesimali ni lazima?

Ni lazima. Tarakimu moja ya heksadesimali ni biti nne kamili, kwa hiyo baiti ni tarakimu mbili daima. Wiki moja ya mazoezi inatosha.

Bendera ni za nini? Na namba hasi zinakaaje?

Jumlisha 200 na 100 kwenye rejista ya biti 8. Nafasi inaishia 255, kwa hiyo A inabaki na 44, yaani 300 ukitoa 256, na bendera ya kubeba inasimama kuwa 1. Usipoitazama bendera hiyo umepoteza 256 bila habari. Bendera ya sifuri husimama jibu likiwa sifuri, na hiyo ndiyo inayotumiwa zaidi, kwa sababu maagizo ya "ruka kama si sifuri" huitegemea kujua kama mzunguko umekwisha.

Namba hasi ni kisa kile kile cha 05. FF ni 255 ukiamua hivyo, na ni hasi moja ukiamua vingine. Kujumlisha ni kule kule: FF ukiongeza 01 unapata 00. Wewe na bendera unayoitazama ndio mnaosema ni ipi.

"Biti 8", "biti 32", "biti 64" inanihusu nini mimi ninayeandika programu kwa lugha ya C?

Inakuhusu mpaka mayai yako yaharibike. Kisa cha kweli kwa wengi wanaotengeneza mashine za kutotolesha: wanataka mota igeuze mayai kila saa nne, wanaandika

unsigned long muda = 4 * 60 * 60 * 1000;

Milisekunde 14,400,000, hesabu sahihi. Lakini kwenye Arduino Uno namba hizo nne za kawaida huchukuliwa kuwa za biti 16, ambazo mwisho wake ni 32,767. Hesabu inafurika kabla haijafika kwenye "muda" yenye biti 32. Kwa kawaida kinachobaki ni hasi 17,920, na hicho kikiingizwa kwenye namba isiyo na hasi kinakuwa 4,294,949,376. Hiyo ni milisekunde za karibu siku 50. Vifaranga wa kuku hutoka siku ya 21. Mayai hayatageuzwa hata mara moja.

Dawa ni kuandika 4UL mwanzoni, ili hesabu yote ifanywe kwa upana mkubwa. Programu hiyo hiyo ukiipakia kwenye ESP32, bodi nyingine yenye prosesa ya biti 32, inafanya kazi bila hiyo UL, na ndipo watu husema "Arduino yangu mbovu". Si mbovu.

Sensa ya joto inaruka-ruka nusu digrii. Ni feki?

Inawezekana, lakini piga hesabu kwanza. LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila digrii moja ya selsiasi. Arduino Uno hugawa volti 5 katika hatua 1,024, kwa hiyo hatua moja ni milivolti 4.88, ambayo ni karibu nusu digrii. Huwezi kuona kitu kidogo kuliko hicho, na kwa mayai yanayotaka 37.5 hivi nusu digrii ni nyingi. Tumia kipimo cha ndani cha volti 1.1: hatua moja inakuwa kama milivolti 1.07, yaani sehemu ya kumi ya digrii. Ni mstari mmoja wa programu, analogReference(INTERNAL), na hununui kitu.

Megahezi nyingi ndiyo haraka zaidi?

Kwa chipu ile ile, ndiyo. Kati ya chipu tofauti, si lazima, kwa sababu agizo moja huenda likachukua mapigo 13 kwa huyu na pigo moja kwa yule. AVR, familia ya ATmega328P, humaliza maagizo yake mengi kwa pigo moja. 8085 haina hata moja la chini ya manne.

Kujua mapigo kunakupa pia saa ya bure. Kwenye 8085 weka FF kwenye rejista C, punguza C, ruka nyuma kama si sifuri. Kupunguza ni mapigo 4, kuruka ni 10, na mara ya mwisho isiyoruka ni 7. Jumla pamoja na agizo la kwanza ni 3,574, karibu milisekunde 1.2 kwa megahezi 3.

Steki na ukatizaji vinanichanganya.

Vinachanganya kwa sababu hufundishwa mbalimbali. Ukiita programu ndogo, prosesa inahitaji kukumbuka ilikuwa wapi, kwa hiyo inaiweka PC kwenye memori, mahali paitwapo steki, panapoonyeshwa na rejista ya SP. Ikirudi, inaichukua. Kilichowekwa mwisho ndicho kinachotoka kwanza, hivyo programu ndogo inaweza kuita nyingine bila kupotezana.

Ukatizaji ni mwito huo huo, isipokuwa anayeita ni waya wa nje. Kwa 8085, pini ya RST 7.5 ikipigwa na ikiwa imeruhusiwa, agizo lililoko mkononi linamalizika, PC inawekwa kwenye steki, na usomaji unarukia 003C. Tatizo la wanaoanza ni kusahau kuipa SP anwani ya memori inayoandikika. Mwito wa kwanza unapita, wa kurudi unaokota takataka, na PC inakwenda kusikojulikana.

Na za simu? ARM, RISC, hayo yote?

Kwa ufupi: ARM ya kwanza ilibuniwa na Sophie Wilson na Steve Furber huko Cambridge, Uingereza, na chipu ikafanya kazi mwaka 1985. Wazo, liitwalo RISC, lilikuwa maagizo machache na mepesi yanayokwisha haraka, na ikatokea kwamba yanakula umeme kidogo pia. Simu karibu zote leo zinatumia ARM. Kompyuta nyingi za mezani zinatokana na Intel 8086 ya 1978.

Sina kompyuta. Simu inatosha?

Kwa kuanza inatosha. Simuleta za 8085 za bure za Android zipo, na daftari ni bora kuliko zote. Kwa kupakia programu kwenye bodi utahitaji kompyuta, hata ile ya zamani.

Nianze na asembli au na C?

Fanya asembli ya 8085 (maagizo yenyewe ya prosesa yakiandikwa kwa maneno mafupi) mpaka uweze kufuata programu ya maagizo ishirini bila kuuliza mtu, kisha hamia C kwenye Arduino, halafu ESP32. Usiandike asembli kwa kazi ya mteja; kompaila, programu inayotafsiri C kuwa maagizo, inakushinda, na atakayekuja kurekebisha atakulaani.

Nimeunganisha chipu tupu kwenye bredibodi (ubao wa matundu wa kujaribia), taa ya umeme inawaka, programu haiendi.

Pima, usikisie. Umeme kwenye pini za chipu yenyewe, si kwenye adapta: adapta nyingi zilizoandikwa volti 5 hushuka ukizipa mzigo. Pini ya riseti ikiachwa inaning'inia hewani, chipu inajianzisha upya kila unapopitisha mkono. Ivute juu kwa rezista ya kilo-omu 10. Weka kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na pini za umeme. Angalia kama kristali, inayotoa mapigo ya saa, ipo, na ina kapasita zake mbili. Kama ni ESP32, kumbuka pini zake ni za volti 3.3, ukishaiingizia 5 moja kwa moja huenda hakuna cha kutafuta tena.

Naweza kufungua mita ya LUKU nijifunze iliyomo?

Hapana. Ni mali ya TANESCO, ina vigunduzi vya kufunguliwa, na ndani kuna umeme wa volti 230 unaoua. Omba kwa fundi rimoti mbovu au bodi ya mashine ya kufulia iliyotupwa, usiichomeke kwenye umeme, tafuta chipu yenye miguu mingi zaidi, na usome maandishi ya mgongoni mwake.